Akitoka Thieta Usimuulize Kitu, Mpe Ubuyu

Leo sina picha ya staa wala habari ya nani kamuacha nani. Leo nawaletea mtu ambaye hana wafuasi, hana kiki, hata picha ya wasifu WhatsApp kaweka ua. Ila nyie mnaopita hapa kila siku mna undugu naye kuliko mnavyojua, kwa sababu ni msomaji wangu namba moja.

Ni nesi wa chumba cha upasuaji, kule wanapopaita thieta. Tunaishi naye nyumba moja ya kupanga hapa Dar, vyumba vyetu vinatazamana, huu mwaka wa tatu. Mimi namwita dada, wapangaji wengine wanamwita Sista. Jina lake halitatajwa hapa, wala hospitali anayofanya kazi, wala kitu chochote kitakachomfanya mgonjwa yeyote ajijue. Sharti alinipa mwenyewe: "Andika, ila ukinitaja nahama."

Nataka tuongee namna mtu anavyopumzika akishatoka kwenye kazi kama ile. Maana sisi ni wepesi sana wa kuwasifia manesi kwa maneno, lakini nesi akifika mlangoni tunamtaka acheke, apike, apokee simu na asikilize michango ya harusi, utafikiri ametoka saluni.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Yeye ndiye anayesimama karibu na daktari anampa vifaa. Akishanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa gauni, glavu, kofia na barakoa, basi hapo hagusi kitu kingine tena. Pua ikimuwasha anaiacha iwashe. Kiu ikimshika anaimeza. Kiyoyozi kinapuliza kama uko kilele cha Kilimanjaro, na yeye kasimama. Kesi moja inaweza kuisha ndani ya saa moja, nyingine ikaenda masaa manne. Zamu ya usiku inaanza saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, na kama saa mbili ikimkuta katikati ya tumbo la mtu, hawezi kusema muda wangu umeisha. Anasubiri mpaka mwenzake avae, wakabidhiane.

Halafu kuna kuhesabu. Hili ndilo lilinifanya nimheshimu zaidi. Kabla daktari hajamchana mtu, vinahesabiwa vitambaa vyote vya kufuta damu, sindano zote, mikasi yote. Kabla ya kushona, vinahesabiwa tena. Idadi isipolingana, hapo hakuna mtu anayetulia mpaka kinachokosekana kionekane. Kinaweza kuwa chini ya meza, na kinaweza kuwa ndani ya mtu.

Hii ya kuhesabu ipo hata kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2008 WHO walitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha: mengine kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, mengine kabla ya kisu kugusa ngozi, na mengine kabla hajatolewa chumbani. Waliijaribu kwenye hospitali nane duniani, zikiwemo za London, Seattle na Toronto, na moja ilikuwa hapa hapa kwetu, Ifakara, mkoa wa Morogoro. Matokeo yalipotoka mwaka 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karibu nusu! Kwa kuulizana tu na kuhesabu kwa sauti. Kwa hiyo ukimuona nesi kang'ang'ania idadi ya vitambaa, jua hapo ameshika roho ya mtu.

Sasa shida ni kwamba mwili unatoka kazini saa mbili, ila kile kichwa cha kuhesabu hakitoki. Dada akiosha vyombo unamuona midomo inacheza: vijiko sita, vikombe vinne, visu viwili. Akimaliza anarudia. Siku moja alipanda ngazi za duka la vitambaa Kariakoo akaniambia zilikuwa ngapi, na mimi sikumuuliza. Akilala baada ya zamu mbaya anasema namba usingizini, nazisikia mpaka kwangu.

Ndio maana kupumzika kwake kuna hatua, na hatua zenyewe hazirukwi.

Ya kwanza, viatu vinabaki nje na anaenda moja kwa moja bafuni. Nguo za thieta zinabaki huko huko hospitalini, anarudi na nguo zake za kawaida, lakini hagusi kitanda wala kiti kabla ya kuoga. Ndoo ya maji ya uvuguvugu namuwekea mimi kabla hajafika. Anapopita uwani anasema "habari za asubuhi" moja ya jumla, hasimami. Hapa ndipo majirani walipoanzia kusema Sista anaringa. Kwenye nyumba zetu hizi salamu ina ngazi zake: habari ya wewe, ya watoto, ya kazi, ya kwenu Muheza. Mtu akikata ngazi anaonekana kajiona. Wangemtazama miguu wangenyamaza. Miguu inakuwa imevimba, alama ya soksi imechimba kama kamba.

Ya pili, miguu ukutani. Anatandika mkeka, analala chali, anaiegemeza miguu yote miwili kwenye ukuta kama mtoto mtundu. Dakika ishirini hivi. Alinieleza kwamba ukisimama muda mrefu damu inalundikana chini, kwa hiyo anairudisha juu. Pembeni ana chupa ya maji ya lita moja na nusu, anaimaliza yote kwa sababu usiku mzima alikuwa anajinyima asije akabanwa katikati ya kesi.

Ya tatu, chakula, na chakula chenyewe kiwe chai ya tangawizi na chapati, au mihogo ya kuchemsha. Nyama ya kuchoma hapana, siku hiyo usimtajie. Kule ndani wana kifaa cha umeme cha kuunguza mishipa midogo ili damu ikate, na ile harufu yake, anasema, inakuja nayo mpaka nyumbani hata kama nguo zimebaki. Kuna jirani anauza mishikaki jioni, mtu mzuri kabisa, ila dada akiwa ametoka zamu ya mchana anazunguka njia ya nyuma.

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Akishakula anajilaza, anafumba macho, anasema: "Haya mdogo wangu, lete ubuyu."

Namsomea. Nani kafuta picha za nani. Msanii gani kaonekana uwanja wa ndege na mtu asiyeeleweka. Gauni la harusi la yule dada wa muvi lilikuwa la kukodi au la kununua. Na hasikilizi juu juu, anauliza maswali ya kikachero: "Ngoja, si walisema wameachana mwezi wa tatu? Sasa hiyo saa mkononi ni ya nani?" Anacheka mpaka anashika tumbo. Baada ya nusu saa hivi sauti inaanza kupotea, swali linaishia njiani, kalala. Na siku ambayo ubuyu ulikuwa mtamu, usingizini hahesabu.

Nilijiuliza sana kwa nini mtu aliyesoma, anayeshika maisha ya watu, anataka vitu vya namna hii. Jibu nililipata kwa kuwatazama wanaume wa nyumba yetu. Kuna baba mmoja ni dereva wa daladala. Akirudi usiku, kabla hata hajanawa, ameshaanza: trafiki kamsimamisha wapi, konda kamuibia shilingi ngapi, abiria gani katukana. Anaongea mpaka mkewe anasinzia. Ikifika saa nne yeye mwenyewe ametulia, siku yake ameshaimwaga yote sebuleni. Wote tunafanya hivyo. Muuza duka anasimulia wateja, mwalimu anasimulia wanafunzi. Kusimulia ndio kupumzika kwenyewe.

Dada hawezi. Manesi wanaapa kutunza siri za wagonjwa, na yeye kile kiapo kakishika kweli. Kitu kikubwa kuliko vyote kilichomtokea siku hiyo ndicho hicho hawezi kukitamka. Anarudi na stori imemjaa mpaka kooni, na anapaswa kuimeza kama alivyomeza kiu. Kwa hiyo anaazima stori za wengine. Stori ambazo hazina damu, ambazo watu wake wana hela, wananuna, wanarudiana, na mwisho wa siku hakuna anayekufa. Nyie mnaosema ubuyu ni wa watu wasio na kazi, mjue kuna mtu yuko macho toka jana usiku kwa ajili ya wake zenu na dada zenu, na huo ubuyu ndio mto wake.

Lakini niseme ukweli, ubuyu nao una mwisho wake.

Kuna asubuhi moja alirudi akaoga mara mbili. Alitoka bafuni, akarudi tena, akajimwagia ndoo ya maji ya baridi. Chapati hakugusa. Nikachukua simu nikae pale karibu, akasema taratibu, "Leo usinisomee." Akakaa mkekani, miguu hakuiweka ukutani. Muda mrefu ukapita, singeli ya jirani inapiga kule nje, halafu akasema, "Mtoto mzima. Analia vizuri tu." Basi. Hakusema neno jingine, na mimi sikuuliza neno jingine, kwa sababu kwenye sentensi ile mama hakutajwa.

Baadaye alimpigia mwenzake waliyekuwa naye zamu moja. Mlango ukafungwa. Walikaa kwenye simu zaidi ya saa nzima, nikawa nasikia kimya, kilio, kimya tena, na mwishoni kicheko kidogo kile cha mtu aliyechoka kulia. Nikaelewa kwamba kuna siku mtu wa thieta anahitaji mtu aliyekuwa ndani ya kile chumba. Huyo anaijua stori tayari, hakuna siri inayovunjwa. Sisi wengine siku hiyo kazi yetu ni kupunguza sauti ya redio.

Sasa twende kwa shemeji, maana huku ndiko mambo yalitaka kuharibika.

Dada ana mchumba. Posa ilishapelekwa, mahari nusu ilishatolewa. Shemeji ni mfanyabiashara, anauza vipuri vya magari, mtu wa watu, muongeaji. Na tatizo lake lilikuwa moja: "Mbona hunisimulii siku yako?" Yeye anampigia saa tatu asubuhi amueleze mauzo ya jana, simu haipokelewi. Jioni anamuuliza kazini kumetokea nini, anajibiwa "kawaida tu." Siku akija hapa anamkuta kalala mkekani anacheka na simu, mastaa watupu. Akamwambia mbele yangu, "Mtu mzima, nesi mzima, unaangalia upuuzi. Kwangu huna stori, ila za hao unazo."

Kimya cha mwanamke kwenye kichwa cha mwanaume mwenye wivu huwa kinajazwa haraka. Akaanza kusikia kwa watu kwamba thieta kuna madaktari, usiku mzima wako pamoja, sijui nini. Mwisho akatamka kwamba achague, kazi ile ya usiku au ndoa. Dada alipunguza mwili ndani ya mwezi mmoja, nyie. Ikafika hatua akaniambia anafikiria kuomba kuhamishiwa kliniki ya watoto, akapime uzito na kuandika kadi. Ni kazi ya heshima, lakini dada tangu chuoni alikuwa anaitaka thieta, na anaijua.

Wazee wakaitwa. Kikao kilikaa sebuleni kwa shangazi yake huko Mbagala, mimi nilikuwa napitisha chai na maandazi, kwa hiyo masikio yangu yalikuwepo. Shemeji akaeleza yake yote vizuri, kwa adabu. Mwenzangu ananificha maisha yake. Dada kainamisha kichwa, hajibu. Wazee wakaanza yale ya kawaida, mwanamke awe msikivu, mwanaume awe na subira.

Shangazi akaomba aulize swali. Akasema, "Baba, huyo jirani yako mnayeswali naye safu moja, mkewe akipelekwa hospitali usiku akafunguliwa tumbo, na mwenzako huyu ndiye aliyeshika mikasi, ungependa akirudi akusimulie?"

Shemeji akasema hapana.

"Na akiwa ni dada yako wewe, amelazwa pale, ungependa nesi aende akamsimulie mchumba wake?"

Kimya. Shangazi akamalizia, "Basi wewe umeposa kifua kinachotunza siri. Unalalamika nini?"

Nyie, yule mama hajasoma hata darasa la saba. Nilitaka kumwaga chai kwa furaha.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Harusi imesogezwa mbele, mambo ya hela na mambo ya wao wawili. Bado wananuniana. Ila ile habari ya achague haijarudi. Na kuna kitu shemeji alianza kufanya mwenyewe bila kufundishwa. Asubuhi hapigi tena. Anatuma ujumbe wa sauti, dada ausikilize akijisikia. Na ndani yake haulizi kitu, anasimulia dukani kwake. Juzi kasimulia mteja aliyekuja kutafuta kioo cha pembeni cha gari baada ya kuibiwa, akaletewa kioo, akakigeuza, akakuta mkwaruzo ule ule alioutia yeye mwenyewe getini kwake. Kumbe wanamuuzia kioo chake! Dada alicheka mpaka miguu ikaanguka kutoka ukutani. Usiku ule ubuyu wangu haukuhitajika, na sikuona wivu hata kidogo.

Kwa wale mnaoishi na mtu wa thieta, na simaanishi daktari na nesi peke yao, kuna mtu wa dawa ya usingizi, kuna anayesukuma kitanda, kuna anayedeki ile damu kesi ikiisha na hakuna anayemkumbuka, haya machache nimeyaona yanasaidia.

Usimuulize wangapi wamepona wala wangapi wamekufa. Usimletee uvimbe wako mlangoni saa tatu asubuhi, wala mtoto mwenye mafua, labda iwe dharura kweli. Majirani hapa tumekubaliana, kabla ya saa tisa mchana Sista hagongewi. Weka pazia zito dirishani, maana usingizi wa mchana na jua la Dar haviivi chungu kimoja. Michango ya harusi na vikoba isubiri jioni. Kama ana pikipiki au gari, mtafutie mtu wa kumrudisha akitoka zamu ndefu, kwa sababu mtu aliyekesha anaweza kusinzia kwenye usukani macho yakiwa wazi, halafu arudi thieta akiwa yeye ndiye kalala juu ya meza.

Na ukimkuta anaangalia kitu unachokiona cha kijinga, tamthilia ya Kituruki yenye vipande mia mbili, video za paka, ugomvi wa mastaa, mwache aangalie. Usimpe mahubiri ya kutumia muda vizuri. Muda wake ameshautumia vizuri tangu jana saa mbili usiku.

Na kama siku moja ataoga mara mbili, punguza redio, muwekee chai karibu, kaa kimya naye. Akitaka kupiga simu kwa mwenzake, toka nje umuachie chumba.

Wiki hii dada yuko zamu za usiku, kesho anatoka saa mbili asubuhi, na mimi sina kitu kipya, mastaa wenyewe wametulia utafikiri wamefunga. Mwenye ubuyu wa moto auache hapo chini, uwe wa kweli kweli na uwe wa kuchekesha. Na wewe unayefanya kazi isiyosimulika, polisi, mochwari, zimamoto, benki, popote pale, tuambie ukifika nyumbani unatuliza vipi kichwa. Nitamsomea.